Kinanda cha Prudensia na Mtoto wa Roma

Prudensia Kokushubila alijua tangu utotoni jinsi kinanda kinavyonuka, ila hakuwahi kukipiga. Kilinuka mbao za zamani, nta ya mishumaa na mavi ya popo. Kila Jumapili, katika parokia yao kule Bukoba, alisimama kando ya mwalimu wa kwaya, kazi yake ikiwa kumfunulia kurasa. Alikuwa na miaka kumi na miwili na sauti ya pili isiyoyumba. Siku moja, misa imekwisha na watu wako nje wanasalimiana, alinyoosha mkono. Mwalimu akakishusha kifuniko taratibu, bila hasira, karibu kabisa na ncha za vidole vyake.

"Wasichana ni sauti," alimwambia. "Wavulana ni vidole."

Hakulia. Aliyaweka maneno hayo mahali, kama mtu anavyochomeka sindano kwenye pazia ili siku akiihitaji aione.

Sindano hiyo ilikaa miaka arobaini na mitano. Ilimkuta DeSoto, kusini mwa Dallas, muuguzi wa kliniki ya kusafisha damu za wagonjwa wa figo, mke wa Leonce, mama wa Angel anayesoma chuo Houston. Kwaya ya Waswahili ilifanya mazoezi sebuleni kwao, na Leonce ndiye aliyeipigia kinanda cha umeme. Kinanda kilikaa hapohapo, kimeegemezwa ukutani karibu na friji, kimefunikwa kanga.

Leonce alipiga kwa funguo nyeupe tu. Nyeusi alizikwepa kama mashimo ya barabarani. Wimbo ukiwa juu mno, hakubadilisha vidole. Alibonyeza kitufe, kinanda chenyewe kikashusha sauti zote kwa pamoja. Waimbaji wao walikuwa watu wa zamu, wanafika mazoezini koo zimechoka, kwa hiyo kitufe kilishushwa hatua tano na hakikupandishwa tena. Mtoto wa mgeni alipokichezea mara moja na kuwafanya masoprano wapige kelele Jumapili nzima, Prudensia alileta plasta kutoka kliniki akakibandika.

"Hapo sasa," Leonce alisema. "Asiguse mtu. Na wewe usiguse, Mama Angel."

"Nikiguse cha nini?"

Mwezi wa pili, dada yake Flaviana alikuja kutoka Pearland akiwa na mfuko wa dagaa na kitabu kilichovimba kwa unyevu. Jirani yake, bibi mmoja, alikuwa amehamia kwa wanawe. Piano lake lilitolewa nje likiwa na karatasi ya kusema chukua bure, na watu wakaja na lori wakalichukua, wakasahau kiti. Ndani ya kiti hicho, kilichokuwa na kisanduku chini ya kalio, kulikuwa na kitabu.

"Nikaona mvua inakuja," Flaviana alisema. "Kitabu hakiachwi kinyeshewe. Wewe ndiye mwenye wivu na vinanda, chukua."

"Nani kakwambia nina wivu?"

"Unavyomtazama shemeji akipiga! Kama mtu anayemtazama mwenzake akila ndizi zake."

Kilikuwa kitabu cha wanafunzi, na kila kipande humo kilikuwa cha mtu mmoja, Muzio Clementi. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na picha yake: mzee mwenye pua ndefu na macho ya kuuliza. Zilizofuata zilikuwa nota za mistari, ambazo Prudensia aliziona kama inzi waliotua kwenye waya. Watu wa kwaya za kwao husoma nota za herufi, do hadi ti. Na katika nota hizo, do haina nyumba ya kudumu. Juu ya karatasi huandikwa leo do iko wapi, mwalimu huitoa, na kila mtu hujitafutia nafasi yake kutokea hapo.

Alianza kwa penseli. Chini ya kila inzi aliandika herufi yake, akifuata mchoro wa funguo uliokuwa mwanzoni mwa kitabu, mstari kwa mstari, baada ya kazi, wali ukiwa jikoni. Wiki mbili akamaliza kipande cha kwanza, kifupi, cha kurasa mbili. Kisha akaketi kwenye kinanda cha Leonce, mwenyewe akiwa kazini, akatafuta kwa kidole kimoja. Herufi zikawa wimbo. Uliingia sebuleni kama mgeni aliyevua viatu mlangoni.

Basi akataka kujua, huyu mtu ni nani?

Alisoma kwenye simu wakati wa chakula cha mchana, kijiko mkono mmoja. Alizaliwa Roma mwaka 1752, baba yake mfua fedha. Alipokuwa na miaka kumi na mitatu tayari alikuwa mpiga kinanda wa kanisa. Hapo Prudensia aliweka kijiko chini. Akiwa na kumi na minne, tajiri wa Kiingereza aliyekuwa matembezini alimsikia, akapatana na baba yake, akamchukua kwa miaka saba hadi nyumba yake ya shamba Uingereza. Huko mtoto akawa anapiga kinanda, inasemekana, saa nane kwa siku.

Jambo hilo lilimkaa moyoni. Jioni alimtupia Leonce swali.

"Baba Angel, mzazi anaweza kumtoa mtoto miaka saba kwa ajili ya kinanda?"

Leonce alikuwa anamenya viazi. "Alikuwa hausiboi wa muziki huyo. Kwani sisi hatukupelekwa kwa mashangazi tukasome?"

"Tulirudi likizo."

"Na yeye pengine alirudi."

"Haikuandikwa hapa. Na Kiingereza alijifunza kwa nani? Alikula nini? Hawaandiki alikula nini, wanaandika saa nane kwa siku."

"Mama Angel, mtu kafa miaka mia mbili. Viazi hivi vinakutosha?"

Kila wiki alipata kipande kingine cha maisha yake, akakipeleka kliniki pamoja na sindano na pamba. Mgonjwa mmoja, dereva mstaafu aitwaye Godefroid, Mkongo, alikuwa akimngojea Jumatatu na Ijumaa kwa ajili ya hadithi hiyo tu.

"Alors, dada, petit wetu, yule mtoto, amefika wapi?"

"Amekua. Kaizari wa Vienna amemshindanisha na Mozart, mkesha wa Noeli."

"Nani alishinda?"

"Kaizari akasema wametoka sare. Lakini yule mwenzake akaandika barua nyumbani, akasema Clementi ni mashine tu, hana moyo hata wa senti moja."

Godefroid alitazama mirija iliyokuwa ikipeleka damu yake kwenye mashine na kuirudisha. "Mimi mashine naiheshimu," alisema. "Na yeye alijibu nini?"

"Alimsifu mwenzake mpaka uzeeni. Akafundisha vijana, akafungua biashara ya kutengeneza piano. Karakana ikaungua moto, akaendelea."

"Huyo ni mtu wa kwetu."

Hapo ndipo Prudensia alipoamua kutafuta mwalimu. Alipewa namba ya Chepngetich, binti wa Kenya anayefundisha piano nyumbani kwake Cedar Hill. Kwenye simu sauti yake ilikuwa changamfu na haikuzunguka.

"Mama, nitakuambia ukweli. Niko na nafasi moja tu, Jumamosi saa nne asubuhi. Na watu sita wako kwa laini wakingojea hiyo nafasi. Watu wazima wananisumbua, wanakuja mwezi mmoja halafu wanapotea. So mimi huwa nafanya hivi: kuja na wimbo mmoja. Uucheze kutoka mwanzo hadi mwisho. Makosa si neno. Lakini usisimame. Ukisimama, nafasi inaenda kwa mwingine."

"Na mwingine akikosa, naweza kurudi?"

"Nafasi ingine labda mwaka ujao, Mama."

Prudensia alihesabu miaka yake na maungo ya vidole vyake, ambavyo asubuhi vilikuwa vimeanza kukakamaa. Mwaka ujao ulikuwa mbali.

Alifanya mazoezi wiki sita. Mkono wa kulia, wa kushoto, kisha yote miwili, ambayo iligombana kama mawifi. Katikati ya kipande aligundua jambo lililomfanya acheke peke yake: do ilihama. Ilianzia mahali pamoja, ikasogea jirani, kisha ikarudi nyumbani. "Kumbe na wewe unahamisha," aliiambia ile picha.

Jumamosi ilipofika Leonce alimpeleka, akabaki garini. "Mimi nikiingia utatetemeka," alisema, ingawa aliyetetemeka ni yeye.

Sebule ya Chepngetich ilitazama minara ya matangazo ya Cedar Hill. Piano lilikuwa jeusi, la mbao, kubwa kuliko kitanda, halina waya wa umeme wala kitufe hata kimoja. Prudensia aliketi. Alinusa mbao za zamani. Akaweka vidole pale alipovizoeza, akaanza.

Sauti iliyotoka haikuwa yake.

Ilikuwa juu, nyembamba, angavu, kama ya mtoto ambaye hajabalehe. Vidole vilikuwa mahali pake, aliviona kwa macho. Lakini sikio, lililofundishwa wiki sita sebuleni kwake, lilimwambia kila ufunguo ni uongo. Mkono wa kulia ukaanza kuteleza kushoto, kuifuata do ya nyumbani. Akagonga makosa mawili, matatu. Akaiona akilini plasta ya kliniki, nyeupe, imebandikwa kwa mikono yake mwenyewe.

Chepngetich aliinua kalamu. Prudensia aliliona hilo pia. Mwendo ulikuwa umepungua hadi kukaribia kusimama, kama mtu anayetafuta ngazi gizani kwa mguu.

Ndipo akafanya lile analolifanya mwanakwaya yeyote aliyepotea. Aliitwaa sauti iliyokuwa inatoka, akaikubali kuwa do, akaanza kuimba. Aliimba herufi zake kwa nguvu, kila sauti kwa jina lake, juu kuliko alivyowahi kuimba tangu ujana. Sikio likageuka, likaifuata sauti. Vidole vikalifuata sikio. Do ilipohama katikati, alihama nayo akitaja majina mapya. Iliporudi, alirudi nayo. Kwenye ukurasa wa pili sauti ilimkatika kwa kuwa juu mno, lakini wakati huo vidole vilikuwa vimeshajua njia.

Alimaliza akahema. Nje, honi ya Leonce ililia kidogo. Alikuwa amelalia usukani akisikiliza.

Chepngetich akasogea na kukichukua kile kitabu kilichovimba, akaziona herufi za penseli.

"Mama, hii ni nini umeandika?"

"Nota."

"Zote? Umeandika moja moja?"

"Mistari siijui."

"Ulikuwa umepotea pale mwanzo."

"Nilikuwa nimepotea, mwalimu. Kinanda chetu kimeshushwa hatua tano. Mimi mwenyewe nimekibandika plasta."

Chepngetich alicheka mpaka akaketi. Kisha akaangalia karatasi yake. "Makosa kumi na saba, nimehesabu. Mkono wa kushoto ni kama unaponda mahindi. Lakini hukusimama." Akaandika jina. "Jumamosi saa nne. Na hiyo kuimba utaacha."

"Hiyo siachi."

"Tutaona, Mama. Halafu nifundishe hizo herufi." Alikuwa bado anaitazama picha ya mzee wa pua ndefu. "Mimi huwa nacheza huyu tu. Sijawahi kujiuliza alikuwa nani."

"Alichukuliwa Roma akiwa na miaka kumi na minne," Prudensia alisema, akijisogeza kwenye kiti kama mtu aliyekaribishwa kukaa. "Na hawajaandika alikuwa anakula nini."

Jioni ile kwaya ilijaa sebuleni. Leonce aliifunua kanga, akaketi, akapiga sauti ya kwanza, na masoprano wakaruka.

"Nani kagusa kitufe changu?"

Prudensia alikuwa jikoni, plasta imemganda kwenye kidole gumba.

"Mimi," alisema. "Kwenye kinanda hicho, vidole tuko wawili sasa."