Mama Bado na Kofia ya Waya

Tulimwita Mama Bado kwa sababu kila akimaliza hatua moja ya hesabu hugonga ubao kwa chaki, hunyamaza, kisha huuliza, "Nani bado?" Amefundisha hivyo miaka ishirini na sita. Mimi mwenyewe nilipita mikononi mwake. Sasa nafundisha chumba cha jirani, na ukuta wetu ni mwembamba hata kimya chake nakisikia.

Siku ile niliitwa darasani kwake kushuhudia jaribio, naye hakuwa na raha. Mtafiti kutoka chuoni alileta kofia tano zenye waya: moja ya mwalimu, nne za wanafunzi. Alieleza kwamba mwalimu na wanafunzi wakienda pamoja kwenye somo, mawimbi ya ubongo wao huelekea kupanda na kushuka pamoja. Jambo zuri. Lakini mwalimu mkuu alikuwa ameshamtisha Mama Bado: mistari ya mawimbi hayo kwenye kompyuta isipokwenda pamoja, darasa la mtihani atapewa kijana. Kijana ni mimi.

"Mwanangu, kofia inabana," alininong'oneza. "Au kichwa kimevimba kwa hofu?"

"Fundisha kama kawaida yako, mwalimu."

"Kawaida yangu imekatazwa. Mkuu kasema nisinyamaze, nitaharibu vipimo."

Akafundisha hesabu za sehemu mbio mbio, kama anayefukuzwa. Jasho likamtoka chini ya waya. Kwenye kompyuta kila mstari ulishika njia yake. Mkuu akakohoa, akaandika kitu.

Ghafla mkono wa Mama Bado ukarudi kwenye mazoea. Chaki ikagonga. Kimya.

"Nani bado?"

"Mimi," alisema binti wa dawati la mwisho, kofia kichwani. "Nimepotea tangu mwanzo."

"Hata mimi, mama," Mama Bado akamjibu. Darasa likacheka. "Haya, turudi."

Wakarudi. Mistari mitatu ikaanza kufuatana na wake. Wa yule binti, bado.

Mkuu akatazama saa. "Muda umekwisha, na mmoja umebaki nje. Kijana, kesho uanze humu."

"Sikuleta mashine ya kunyang'anya watu madarasa," mtafiti alisema.

"Na mimi sianzi," nikasema. "Shule inayoogopa kimya cha dakika moja inataka watoto wafikiri saa ngapi?"

Mama Bado hakutusikia. Alishavua kofia, ameketi kando ya binti. "Tulipotezana wapi, mama?"

Hadi leo mkuu hajatoa uamuzi wa mwisho, na Mama Bado yuko darasani kwake. Kila asubuhi natega sikio ukutani, chaki mkononi. Chaki yake ikigonga, ndipo nami naanza somo langu.