Moshi wa Malori ya Kamanga

Juzi, pale Mkuyuni, niliona mtoto akikimbiza moshi wa lori huku akicheka. Nilikumbuka mchana mmoja wa utoto wangu Kamanga, mama akiwauzia samaki wa kukaanga madereva waliosubiri kivuko, injini zikinguruma bila kuzimwa. Niliamini moshi ule wa dizeli ndio unaoyapa malori nguvu.

“Vuta sana, utakuwa na nguvu,” nilimwambia mdogo wangu Neema, tukiwa tumesimama nyuma ya bomba la moshi la lori moja.

Alivuta tena na tena, akakohoa mpaka akakaa chini. Mama alipokuja mbio, niliogopa.

“Amekwamwa na mwiba wa samaki uliyempa,” nikasema.

Mama akamlisha matonge ya ugali ili mwiba ushuke. Kifua cha Neema hakikupona. Tulimzika kabla ya masika. Sasa najua moshi ule ulimfanya nini. Mama bado anajilaumu kwa samaki yule, nami sijamwambia ukweli.