Kisanduku cha Poland na Estonia

Irek Bielak alikuwa na wivu hata na birika. Ukimsifu mtu mbele yake kwa chai nzuri, atakuuliza ya kwake ina kasoro gani. Nayasema haya kwa kuwa nilikaa meza moja naye, mkono wake wa kushoto, miaka yote tuliyofanya kazi ya mawasiliano ya jeshi la Poland pale mjini Bydgoszcz, na nilimpenda hivyo hivyo na kero zake.

Kila Juni majeshi ya nchi rafiki yalikuja kwetu na mitambo yao isiyoelewana, sisi tuiunganishe mpaka ramani ya Mfini ionekane kwa Mtaliano. Ukutani palikuwa na ubao wa visanduku, na hakuna nchi iliyokuwa na kisanduku peke yake. Kila kimoja kilikuwa cha nchi mbili. Zikisikilizana, kijani kwa zote mbili. Zisiposikilizana, chekundu kwa zote mbili, na nani kakosea si hoja. Ndiyo maana ukiona kosa la mwenzio ulipaza sauti papo hapo, chumba kizima kisikie.

Mwaka ule kanali wetu alikuwa akitafuta mkuu wa mitandao ya kikosi cha pamoja kilichokuwa kinakwenda Latvia. Irek aliitaka nafasi hiyo mpaka akanunua buti mpya. Ndipo akaja Kapteni Maarja Pihlak kutoka Estonia, na mkate mweusi na dagaa wa kopo wa kugawia kila mtu, naye pia akitajwa kwa nafasi ile, na kufika adhuhuri mstari wake ulikuwa kijani karibu wote.

"Mwone anavyogawa dagaa," Irek akaninong'oneza. "Anahonga huyo."

"Wewe umekula wangapi?"

"Wawili. Nilikuwa naonja."

"Irek, kijicho kitakuua."

"Kijicho cha nini, kwa katoto kale? Mimi navuta nyaya, kenyewe kananyonya!"

Kilibaki kisanduku kimoja, chetu na chake, cha kujaribiwa mbele ya kanali. Maarja alikuwa amebadilisha mtambo mmoja, na huo mpya ulifuata saa ya kwao badala ya Zulu, saa ya pamoja ya majeshi yote. Ujumbe wake ungetufikia ukidai umeandikwa saa tatu mbele, na mitambo yetu ingeukataa kama wa adui. Irek aliliona hilo kwenye kioo cha kompyuta yake. Akafunga mdomo, akakoroga chai.

Kanali akaingia na wageni wake. "Tumeni."

Kikawaka chekundu: POLAND – ESTONIA. Irek alikwisha kuuandaa uso wa huruma, kumbe jina la kwanza pale ni letu. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

"Bielak," kanali akasema, "hiki si chako?"

Irek akapauka. Kabla hajajibu, Maarja alisimama.

"Kosa ni langu, kanali. Nimeacha saa ya nyumbani. Bwana Bielak hana lawama, asingeweza kuliona."

Akairekebisha, kisanduku kikageuka kijani, na kabla ya chakula cha jioni kanali akamtangaza Irek kuwa mkuu wa mitandao, maana kosa lilikuwa la Maarja. Watu wakamgongagonga mgongoni. Yeye akarudi kwenye kiti chake akakaa kama aliyefiwa.

"Nafasi umeipata, baba. Unanuna nini tena?"

"Umemsikia alivyosema 'kosa ni langu'? Kama anaomba chumvi tu. Mimi neno hilo sijawahi kulitoa." Akashusha sauti. "Niliiona ile saa, Jadzia. Niliiona nikanyamaza."

Nilikasirika, nusura nimmwagie ile chai. "Nenda kamwambie basi. Yule pale, hajaondoka."

Hakuinuka. Alimtazama Maarja ng'ambo ya chumba, watu wamemzunguka, anawagawia dagaa waliobaki huku akiicheka saa yake mwenyewe.

"Hata kushindwa," Irek akasema, "anashindwa vizuri kuniliko."