Spika ya Jikoni

Nicheke, msomaji, ila taratibu. Siku hizi maduka ya hapa Mwanza yamejaa redio za Dubai, na juzi nilivaa suti yangu ya harusi nikaenda kununua ndogo tu. Kumbe bosi wangu naye yumo dukani! Ulimi ukaniponyoka.

"Nataka mtambo mmoja utakaopiga muziki nyumba nzima," nilimwambia Mzee Karim, mwenye duka. "Spika sebuleni, chumbani, kwa wageni na jikoni."

"Sawa, bwana mkubwa." Akaunganisha spika zote, hadi ile ya barazani kwa duka lake. Nikampa kaseti yangu ya rumba ajaribie.

"Fungulia mpaka mwisho!" nikaamuru.

Sikujua kuwa mke wangu alikuwa amerekodi juu ya rumba ile salamu za kumpelekea mama yake huko kijijini Kisesa. Sauti yake ikanguruma mpaka barabarani: "Shikamoo mama. Sisi wazima. Bado tumepanga kile kile chumba kimoja, napikia mlangoni. Lakini mkweo akivaa suti, utadhani ana ghorofa!"

Bosi alicheka mpaka akashika meza. Mzee Karim akazima kaseti, akanitazama kwa heshima zote.

"Bwana mkubwa, ile spika ya jikoni nikufungie mlangoni?"