Damu ya Shangazi Felomena

Shangazi Felomena wa Naipingo anapiga watu. Kijiji kizima kinamjua hivyo. Siku moja mnadani Ruangwa alimdaka mwizi wa kuku, akamtwanga mpaka mgambo wakamwonea huruma mwizi.

Mwaka 2006 mdogo wake, baba yangu mdogo Saturnini, mwalimu, aliugua saratani ya damu. Wakapelekwa India wote wawili. Madaktari walichukua chembe za uboho wa shangazi, zile zinazotengeneza damu ndani ya mifupa, wakampandikizia baba mdogo. Nilishangaa: damu ya mwanamke ndani ya mwanamume! Saratani ikaisha. Ila damu ile mpya iliyaona mapafu yake kama mwizi aliyevamia nyumba, ikaanza kuyashambulia. Njia za hewa zikawa nyembamba.

"Dada, damu yako ina ugomvi kama wewe," alimtania, akihema.

"Si ungechukua ya mbuzi!" Shangazi akageukia ukutani, akafuta macho.

Daktari alikataza vumbi na moshi. Majirani hawakuambiwa, wao walijua mwalimu amepona, tena walikula pilau la shukrani.

Ukafika mwezi wa sita, msimu wa salfa, dawa ya unga wa njano ya mikorosho. Jirani yetu Kaimu aliona mikorosho ya mwalimu nyuma ya nyumba inashikwa na ugonjwa wa ubwiri unga na mwenyewe hatoki ndani. Akaamua kumsaidia kimya kimya, kama wanakijiji wanavyomfanyia yeyote aliyelemewa. Alfajiri, majani yakiwa na umande, mashine yake ya kupulizia ikanguruma. Wingu la njano likajaa uani, likaingia madirishani.

Baba mdogo alianguka mkekani, midomo imegeuka rangi ya wino.

Shangazi akatoka na mchi wa kinu. Pigo la kwanza likapasua mashine, la pili likapasua kichwa cha Kaimu.

"Umekuja kumuua ndugu yangu!"

"Nimekuja kumsaidia, mwanamke mwehu wewe!" Kaimu akamrushia ngumi, jino likaruka. Walibiringishana kwenye salfa, damu na unga vikawa tope.

Nikapiga kelele, "Baba mdogo hapumui!"

Kaimu alimwachia shangazi, akakimbilia ndani, akambeba mgonjwa mgongoni na kukimbia kuelekea upepo ulikotoka, mpaka barabarani wingu lilipoishia. Akamlaza. Tukasubiri. Kifua kikainuka kwa shida, kikashuka, kikainuka tena.

Shangazi akatema damu. "Ukirudi na mashine, nakuvunja mguu."

"Sawa, dada. Kwanza lete baiskeli, tumwahishe hospitali Nachingwea."

Akaenda kuileta, mchi bado mkononi.