Kaburi ya Sementi

Rafiki yangu, hii maneno nakuambia kama mtu anaambia ndugu yake jikoni, mlango imerudishwa kidogo. Kwa soko siku hizi ninapima mdomo. Kwako sipimi. Na ukiona Kiswahili yangu inachechemea, vumilia. Kuandika nilijifunza nikiwa mama tayari, kwa shule ya jioni kule Mvara, nikitoka kuuza.

Mimi ni Mnubi. Nilizaliwa Koboko, nikaolewa Arua, na bwana yangu alikufa wakati msichana yetu alikuwa bado mgongoni. Babu za babu zetu walikuja hapa na bunduki ya serikali ya zamani, wakitoka upande wa Sudani. Hiyo hatufichi. Walioa hapa, wakazaa hapa, wakazikwa hapa. Nilikuwa nafikiri hiyo ya kuzikwa ndiyo inamaliza maneno yote.

Msichana alimaliza shule vizuri, akapata nafasi ya kusomea ukunga. Nilishukuru Mungu mpaka goti ikauma. Lakini shule ilitaka kitambulisho ya taifa kabla ya kufungua. Yangu mimi nilipata wakati ule watu wote walikuwa wanapanga laini, hakuna mtu aliuliza sana. Yake walisema lazima ifuate baba, na baba yake alikufa bila kuwa nayo. Basi aende kwa kamati ya mtaa, waulize ukoo yake, wakikubali ndiyo ofisi itafanya kazi.

Kamati ilikaa chini ya turubai mbele ya duka ya mwenyekiti. Aliyekuwa anauliza hatumjui, mwanaume ya shati nyeupe, alitoka ofisi ya juu. Mbele yetu watu walikuwa wanapita haraka.

"Wewe wa wapi?"

"Manibe."

"Babu?"

"Kaburi iko mbele ya nyumba yetu."

"Pita."

Halafu sisi.

"Wewe binti. Baba ya baba yako amelala wapi?"

"Koboko."

"Kwa uwanja ya nani?"

"Kwa makaburi ya Waislamu."

"Kaburi iko na jina?"

Msichana aliniangalia. Nikajibu mimi. "Mzee, sisi hatuandiki jina. Tunarudisha udongo, tunaweka jiwe kwa kichwa, basi."

"Sasa mimi nitajua namna gani kama pale amelala babu ama amelala mbuzi?"

Watu walicheka. Mama mmoja ambaye ananunua kwangu tabaga, zile vifuniko ya chakula ya rangi nasuka, alicheka huku amefunika mdomo. Msichana yangu naye ana ulimi. Akasema, "Mbuzi tunakula, mzee. Hatuziki."

Wakacheka tena, sasa na yeye. Ile ya shati nyeupe hakucheka. Alisukuma karatasi yetu pembeni, peke yake, mbali na zingine. "Mkuje na kaburi," akasema. "Mtu wa hapa iko na kaburi hapa." Mwenyekiti, ambaye kila Idi anakula pilau kwangu, alikuwa anaangalia simu yake.

Jirani yangu ni Mlugbara, kabila kubwa ya hapa Arua, anasali kanisa ya Ediofe. Tumekaa ukuta moja tangu watoto yetu wanatambaa. Kwao kaburi iko hapo uwanjani, sementi safi, watoto wanakaa juu yake wakila miwa. Zamani alikuwa ananichokoza: "Ninyi mnatupa watu yenu kwa majani." Na mimi: "Na ninyi mnaanika muhogo juu ya baba mkwe." Tunacheka, tunaendelea kuosha vyombo. Baada ya ile siku ya turubai hakunichokoza tena. Hapo ndipo nilianza kuogopa.

Kwa redio watu walikuwa wanapiga simu, kila mmoja anasema udongo ni ya nani, nani alikuja, nani alikuta mwenzake. Neno moja ilianza kutembea kwa soko: wakuja. Mtu anachagua tabaga, anageuza, anauliza kwa sauti ya mchezo, "Mama, ukirudi kwenu utaniachia hii bure?" Nilikuwa najibu, "Kwetu ni hapo nyuma ya msikiti, njoo uchukue." Anacheka. Lakini kesho mwingine anauliza ile ile, na huyo hachezi.

Nikachukua msichana, tukaenda Koboko kwa ami, ndugu mdogo ya baba mkwe yangu. Yeye ndiye mwanaume amebaki kwa ile nyumba. Tulifika asubuhi, akatupeleka makaburini. Sasa ujue desturi yetu: mwanamke hafuati jeneza. Tunalia nyumbani, wanaume wanaenda kuzika, wanarudi na udongo kwa viatu. Kwa hiyo mimi sijawahi kuona mahali bwana yangu alilala, wala baba yake. Nilisimama kwa njia, na buibui yangu inashika mbegu ya majani. Msichana hakusimama. Alimfuata ami ndani.

Ami alitembea akionyesha na fimbo. "Hapa ni mama yetu. Hapa ni yule mpishi ya kambi. Hapa ofisa yake. Baba yako ni hapa, karibu na hii mti ndogo." Halafu akasimama. Akarudi nyuma, akaenda mbele. "Babu yako..." Akaangalia mawe. Mawe yote ni moja. Mvua imeosha vichuguu ya makaburi, zimekuwa sawa na njia ya ng'ombe. "Wale walimzika wamekwisha," akasema. "Mimi nilikuwa mgonjwa siku ile."

Msichana alikuwa ameinama. Akaita, "Ami, hii ni nini?"

Ilikuwa mti imechongwa, imepigwa kwa udongo, kichwa yake rangi nyekundu. Ikafuata ingine, na ingine, mpaka upande wa barabara. Moja ilikuwa imesimama katikati ya kaburi.

Kijana alikuwa anapita na baiskeli, amebeba mkaa, nadhani anatoka upande wa Kongo. Ami akamuuliza nani amepiga hii miti. "Watu ya kupima udongo, mzee. Wanasema pahali hii haina mutu." Akaendelea na njia yake. Hakuwa na ubaya.

Kwa nyumba, ami hakukunywa chai yake. Alisema, "Sikiliza, mke ya mtoto yetu. Kaburi wanataka, tuwape kaburi. Nina matofali. Sementi tutapata. Tunajenga hapa uwanjani, tunaandika jina ya ndugu yangu, tunapiga picha. Nyumba mbili hapa Koboko wamefanya hivyo, na watoto yao wamepata."

"Na ndani tunaweka nini?"

"Ndani hatuweki kitu."

"Ami, kaburi haina mtu?"

"Wewe unataka mtoto asome ama unataka kunifundisha dini?"

Msichana alishika mkono yangu. Mikono yake ilikuwa bado na mbegu ya majani. "Mama, ni sementi tu. Mungu anajua babu iko wapi. Hawa ndio hawajui."

Rafiki yangu, usifikiri sikuyumba. Niliona nguo nyeupe ya wakunga, niliona shule ikifungua bila yeye. Lakini nilifikiri ile ofisa na mpishi yake wamelala pamoja na mawe ya aina moja. Wazee yetu walifanya hivyo kwa kusudi. Kwa jeshi walipangwa, huyu juu, huyu chini. Kwa udongo walikataa kupangwa. Hiyo ndiyo kitu safi walituachia. Sasa nisimame mbele ya serikali na niape kwa kaburi ya uongo, na kesho niweke paji ya uso kwa mkeka?

Nikasema hapana. Ami alitoka nje. Kwa gari msichana alikaa kiti ya nyuma, mbali na mimi, mpaka Arua.

Nilirudi kwa kamati na mtu, maana kaburi sikuwa nayo. Jirani yangu alikubali kusimama. Bwana yake alimkataza, nilisikia kupitia ukuta: "Hiyo maneno ya wakuja itatuingilia!" Akajibu, "Huyu alikaa na mimi hospitali wakati dada zako walikuwa wanacheza karata." Akaja amevaa gomesi yake ya kanisa, ile nguo ndefu ya zambarau.

Akaambia ile ya shati nyeupe: "Mimi ni Mlugbara. Kaburi ya babu yangu unaweza kukaa juu yake ukachoka. Huyu mtoto ameoga kwa beseni yangu. Bwana ya huyu mama nilimlilia, niliona wanaume wakimbeba kwa lori kumpeleka Koboko. Unataka nini ingine?"

"Mama, wewe ni ukoo gani?"

Akataja.

"Na mwenyekiti ya ukoo yenu anajua uko hapa unasema hivi?"

Jirani yangu alianza kufunga upya mshipi ya gomesi yake. Ile mtu akasema, "Tumesikia," akafunga kalamu.

Shule ilifungua. Nafasi ya msichana ilichukuliwa na mwingine, sasa tunaambiwa tungoje mwaka ingine, na karatasi yetu bado iko pale, hawakatai, hawakubali. Kwa kisima walianza kumuuliza jirani yangu, "Na wewe ulitoka Sudani siku gani?" Kwanza alijibu na kicheko. Wiki hii alituma mtoto wake kuchota maji.

Msichana anasuka na mimi. Anasuka vizuri kuliko mimi, na hanitazami. Jumamosi iliyopita nilimwambia, "Unanichukia?" Akasema, "Sikuchukii, mama. Nataka tu kujua, wakileta trekta kulima yale makaburi, utasema nini?"

Leo asubuhi ami alipiga simu. Trekta imefika makaburini, imeegeshwa kwa barabara, dereva anangoja amri. Wazee wameenda kukaa ndani ya ile miti nyekundu, na msichana amevaa viatu, anasema yeye pia anaenda, desturi itamsamehe. Mimi naenda naye. Safari hii sitasimama kwa njia.

Ndiyo maana nimeandika haraka. Mimi sitaki uchangie kitu, wala ugombane na mtu. Nakuomba moja: ukimaliza kusoma, ambia mwingine, naye aambie mwingine, hasa yule hajawahi kutuona. Mwambie kule Koboko, kwa ile majani hakuna jina, watu wamelala. Wapishi na maofisa, mama ya ami, bwana yangu, na baba yake ambaye hatujui jiwe gani ni yake. Msiseme pahali hiyo haina mtu.