Mshumaa Kwenye Gego

Mtu akiniambia nifungue mdomo, hata kama ni mtoto anataka kunitupia karanga, uso unaniwaka moto, na wanaonijua hudhani naogopa sindano. Sindano siogopi. Ninachoogopa ni kukumbuka asubuhi ile pale Sumbawanga, watu wamejaa kwenye baraza la kliniki ya meno, na mimi katikati yao nimeachama.

Ilikuwa enzi za ruksa, maduka yameanza kujaa vitu na mimi nazunguka (shule niliiacha mapema, nikabaki na tabia ya kutaka kujua kila kitu kinavyofanya kazi), leo napakua mizigo Kasanga, kesho nauza mitumba Namanyere. Gego likaniuma, nikaenda kwa daktari wa meno, mama mmoja mpole, naye badala ya kuling'oa akaliziba kwa dawa nyeupe, laini kama unga uliokandwa, akaimulika kwa taa ya bluu ikawa jiwe. Wakubwa zake hawakuiamini. Walisema dawa nyeupe ni ya meno ya mbele, ya urembo, huku nyuma kwenye kutafuna haidumu, bora jino ling'olewe tu. Miaka ikapita, daktari akaniita. Kuna mgeni katumwa na wakubwa anakuja kukagua kama dawa imedumu, wagonjwa wengine wa mwanzo wamehama, langu ndilo la zamani kuliko yote. Mgeni akiridhika, dawa itaendelea kuletwa. Asiporidhika, tunarudi kwenye koleo.

"Wewe njoo na jino lako tu," aliniambia. "Usilifanye chochote."

Nisilifanye chochote, mimi? Asubuhi ya ukaguzi nikapita kwa rafiki yangu fundi baiskeli, nikaona kioo cha pikipiki kimelala pale, nikajiuliza hivi huyo mgeni ataona nini humo ndani, basi nikachukua spoki nikaanza kujikagua mwenyewe. Gego lilikuwa zima, ila pembeni palikuwa na kaukingo kanakokwaruza spoki, nikakakwangua nijue ni dawa au ni ugali, kisha kidogo tena, mara kipande cheupe kikadondokea kwenye ulimi.

Fundi alikitazama akasema, "Mshikaji, hiyo spea hatuna."

Halafu (nia yake ilikuwa njema) akaniletea kipande cha mshumaa, tukakiyeyusha, nikajaza shimo kwa kidole, nikatazama kioo, na kusema kweli ulipendeza kuliko dawa yenyewe.

Umeme ulikuwa umekatika, kwa hiyo kiti cha kukagulia kilitolewa barazani kwenye mwanga, mbele ya kila aliyekuja kutibiwa, katika baridi ile ya Julai inayopenya koti. Nilikaa kusubiri karibu na mama mmoja mtu mzima kutoka Mwazye, shavu limevimba, kitenge kimezungushwa kichwani mpaka kidevuni. Daktari alikuwa amemwambia gego lake nalo linazibika, ila hawezi kuigusa dawa iliyobaki mpaka mgeni aseme ndiyo. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akaona ninavyotetemeka (alidhani ni baridi), akanimiminia uji wa ulezi kutoka kwenye chupa ya chai, maana siku hizo hakuweza kula kingine. Nikasema nimeshiba.

"Mwanangu, uji wangu una nini?"

Watu wakageuka. Sasa niambieni, mama wa Kifipa amekupa kikombe kwa mikono miwili, unakirudishaje? Nikanywa. Ulikuwa wa moto hasa, na nikasikia mshumaa unalegea, unateleza, unachanganyika na ulezi.

Hapo hapo nikaitwa. Daktari, kwa fahari yote, akamwambia mgeni kwamba jino hili limetafuna mahindi ya Ufipa miaka yote hii. Mgeni akaingiza kioo, kisha kwa ncha ya chuma akatoa kitonge cha ulezi na nta, akakinusa.

"Huu ni mshumaa?"

"Ndiyo, mzee."

"Nani kauweka?"

"Mimi."

Baraza zima likacheka. Nikaeleza habari za spoki, kwamba dawa ilikuwa nzima mpaka nilipoikwangua, lakini hata mimi nilijisikia kama nadanganya wakati nasema kweli. Mgeni hakuwa mkali. Alimwambia daktari kwamba anaweza kuandika alichokiona tu, na alichokiona ni shimo. Daktari hakunigombeza. Alivua glavu taratibu akitazama chini, na mimi ningeshukuru kama angenipiga kofi.

Mama wa Mwazye ndiye pekee ambaye hakucheka. Aliuliza, "Kwa hiyo langu, daktari?"

Likang'olewa mchana ule ule. Nilimsindikiza stendi nimembebea kapu, naye pamba mdomoni, hawezi kusema, akawa ananipigapiga begani kana kwamba mgonjwa ni mimi.

Dawa iliyobaki kwenye gego langu ipo mpaka leo. Nimeitafunia miwa, mifupa, mahindi makavu, haijatikisika, yule daktari alikuwa sahihi kabisa, na shahidi wake ni mimi, mtu ambaye hakuna atakayemwamini. Siku hizi nikikabidhiwa kitu cha kukaguliwa nakipeleka kilivyo, na njia nzima mikono yangu inakaa mfukoni.